Jibu: Kisu cha kukunja, bapa la kung'aa, jeusi au la mawimbi?

Ndugu, umeuliza kwa kisu cha mfukoni cha kazi za kila siku uchukue bapa linalong'aa kama kioo, jeusi, au lenye mawimbi ya Dameski.

La kung'aa achana nalo. Ukikata maboksi mawili tu, mikwaruzo yote iko wazi. Jeusi nalo ni rangi ya juu, huchubuka kuanzia karibu na makali.

Dameski ni nzuri sana ikiwa ya kweli: vyuma viwili hufuliwa pamoja tabaka kwa tabaka, kisha bapa huchovywa kwenye asidi. Tabaka lenye nikeli hubaki jeupe, jingine linakuwa jeusi, ndipo mawimbi yanapotokea. Vingi vya bei rahisi vimechorwa juu tu. Angalia mgongo wa kisu: kama mistari haivuki upande wa pili, kirudishe.

Lakini urembo ninaoupenda mimi haununuliwi. Nina Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Ufaransa, kile cha chuma cha kaboni, si cha chuma cha pua. Nilikuwa namenyea maembe, na tindikali ya tunda ikalichora bapa madoa ya kijivu na buluu, kama mafuta juu ya maji. Utando huo pia hupunguza kasi ya kutu, ingawa hauizuii kabisa. Kwa hiyo futa, kausha, paka tone la mafuta ya kupikia. Usikikunje kikiwa na maji, mpini wa mti utavimba na bapa litakwama.