Mwalimu, hizo hoja kumi usiwape!

Nimesoma swali lako nikiwa kwenye matatu, nikashindwa kungoja nifike nyumbani. Unasema una Kidato cha Tatu, wanafunzi hamsini na kitu, zimebaki wiki 3 mtihani wa muhula ufike, na unataka wajue kuandika insha ya kujadili hadithi fupi. Umeuliza uanze na hadithi ipi. Umeuliza utazisahihishaje karatasi zote hizo peke yako. Halafu katikati, kama jambo dogo tu, ukasema umeshapata mwongozo mzuri na utawachapishia hoja kumi za kila hadithi wazikariri.

Usifanye hivyo, nakuomba. Kama umeshazichapisha, zifungie kabatini.

Mimi nilifanya hivyo hivyo mwaka 2019. Tulikuwa tunasoma Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, ule mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda. Nilikuwa nimetoka semina ambako mwezeshaji mmoja alitusimamia siku nzima akituhakikishia kwamba Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa Kiswahili wa KCSE, ni hesabu tupu: maswali manne, kila moja alama 20, mtahini amechoka, anapitisha macho akitafuta pa kutia tiki. "Mwanafunzi hahitaji maoni, anahitaji hoja," alisema, na sisi wote, watu wazima wenye digrii, tukaandika maneno hayo kwenye madaftari yetu. Mlangoni kulikuwa na vijitabu vyake vya kuuza. Nilinunua. Mpaka leo nikimkumbuka yule bwana damu inanichemka, kwa sababu alijua tuna madarasa makubwa na muda mfupi, na akatuuzia kile ambacho mwalimu aliyechoka hutamani kukisikia.

Nikarudi shuleni nikapiga chapa. Kila hadithi karatasi moja, kila karatasi hoja kumi: maudhui ya ndoa, maudhui ya wivu, nafasi ya mwanamke, umaskini, utabaka, na kadhalika. Wazazi walichangishwa pesa za karatasi na wino. Muhula mzima tulikariri. Ukipita nje ya darasa langu ungedhani ni madrasa, sauti moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa na fahari kwelikweli.

Mtihani wa pamoja ukaja, ule ambao shule za jirani husahihishiana. Swali la hadithi fupi lilihusu "Masharti ya Kisasa". Kwa ambao hawajaisoma: Dadi ni mchuuzi wa samaki anayezunguka na baiskeli. Ili amwoe Kidawa alikubali masharti, kwamba watasaidiana kazi za nyumbani, watazaa mtoto mmoja, na mke naye atakuwa na kazi yake. Kidawa ni metroni katika shule ya wasichana. Dadi anaanza kumshuku na mwalimu mkuu wa shule hiyo, anakwenda kupanda nyumba ya huyo mwalimu ili achungulie dirishani, na anaanguka. Swali lilisema: "Dadi hakuangushwa na masharti ya Kidawa bali na moyo wake mwenyewe. Jadili."

Swali tamu kiasi hicho! Unaweza kulijibu kwa kukubali, unaweza kulijibu kwa kukataa, na pande zote mbili zina ushahidi. Wanafunzi wangu wote walijibu namna moja. Maudhui ya ndoa. Maudhui ya wivu. Nafasi ya mwanamke.

Karatasi ninayoikumbuka ni ya binti mmoja aliyekuwa akikaa dawati la mbele, mwandiko wake kama wa chapa. Kurasa 4. Kila kichwa amekipigia mstari kwa rula. Hoja zote kumi zipo, kwa mpangilio ule ule nilioupanga mimi, hata na kosa langu la tahajia kwenye hoja ya saba. Alipata alama 5 kati ya 20. Msahihishaji, mwalimu wa shule nyingine nisiyemjua, aliandika chini kwa kalamu nyekundu: "Mwanangu, unakubali au unakataa?"

Binti akaniletea karatasi ile ofisini. Hakuja kulalamikia alama. Alinionyesha yale maandishi mekundu, akatoa na ile karatasi yangu ya hoja iliyokunjwakunjwa, akaniuliza, "Mwalimu, kati ya hizi ulizotupa, ya kukubali ni ipi?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu haikuwepo. Nilikuwa nimempa orodha ya mambo yaliyomo hadithini nikaiita hoja. "Maudhui ya wivu" si hoja. Ni mada. Hakuna mtu duniani anayeweza kuibishia. Hoja ni "wivu wa Dadi ulikuwepo kabla ya masharti", maana hapo mwenzako anaweza kusimama akasema hapana, huo wivu umezaliwa na hayo masharti, na ninyi wawili mkalazimika kurudi kitabuni. Muhula mzima niliwafundisha watoto wale majibu ya swali ambalo hakuna aliyewauliza, na kibaya zaidi, niliwafundisha kwamba wao hawana la kusema kuhusu hadithi waliyoisoma kwa macho yao. Hilo la pili lilinichukua muda mrefu kulifuta kuliko hata zile alama.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na nimeishikilia tangu siku ile: hakuna kushika kalamu mpaka mtu akubishie. Mwanafunzi aseme kwa mdomo anachoamini kuhusu hadithi, kwa sentensi moja, mbele ya mwenzake. Mwenzake akikosa cha kumbishia, sentensi hiyo itupwe atafute nyingine.

Siku ya kwanza nilipojaribu, niliandika ubaoni swali lile lile la Dadi, nikawaambia wanaokubali waende upande wa dirisha, wanaokataa upande wa mlango. Mwanzo walisimama tu wakiniangalia mimi, wanasubiri niwaonyeshe upande wa mwalimu. Nilikaa nyuma ya darasa nikanyamaza. Kijana mmoja upande wa mlango akaanza: mwanamume aliyekubali kufua na kupika halafu akalala na mawazo usiku kucha, hayo si masharti yaliyomwangusha ni nini? Darasa likalipuka kwa kicheko. Binti wa dawati la mbele akamjibu kutoka dirishani, "Nani alimlazimisha kukubali? Fungua kitabu unionyeshe." Na yule kijana akafungua kitabu! Kwa hiari yake! Nilikuwa sijawahi kumwona akikifungua bila kuamriwa.

Hapo ndipo ushahidi unapopata maana, mwalimu. Sisi tunawaambia "toa mfano kutoka hadithini" na wao wanatoa mfano wowote, kwa sababu hawajui wanamsadikisha nani. Mtoto aliyebishiwa anajua. Anatafuta ukurasa ule unaomnyamazisha mwenzake.

Baada ya mjadala ndipo waandike, na waanze na sentensi moja tu. Mimi huwadai iwe na "ingawa" ndani yake, maana neno hilo linawalazimisha kukumbuka kwamba upande wa pili nao una cha kusema. Ile aliyoandika binti yule siku hiyo niliinakili kwenye daftari langu la maandalizi: "Ingawa masharti ya Kidawa yalikuwa mazito kwa mwanamume wa mazingira yake, Dadi aliyakubali kwa mdomo tu, na ni moyo uliokataa ndio uliompandisha dirishani." Hiyo sentensi ina insha nzima ndani yake. Aya ya kwanza ni uzito wa masharti, ambapo anawapa wapinzani haki yao. Zinazofuata ni Dadi anavyosema hivi na kuhisi vile. Ya mwisho ni dirisha. Aliandika kwamba mtu anayepanda nyumba ya watu kuchungulia huwa ameshahukumu, anatafuta tu cha kumpa haki ya hasira aliyonayo. Hakuna mwongozo wowote niliousoma wenye maneno hayo.

Kitu kingine wanachokosea, hata baada ya kupata msimamo, ni kutaja tukio na kuliacha likining'inia. "Dadi alipanda dirishani akaanguka." Kisha wanaruka aya nyingine. Nikisahihisha huwa naandika pembeni neno moja, "kwa hivyo?", na mwenye karatasi lazima aongeze sentensi inayorudisha tukio kwenye dai lake. Wameizoea hiyo "kwa hivyo?" mpaka wanaulizana wenyewe kwenye foleni ya chakula.

Najua utakachoniambia, kwa sababu mkuu wa idara yangu aliniambia hayo hayo: mtahini anahesabu hoja, tusipoteze muda na mabishano. Ni kweli anahesabu. Lakini hatii tiki kwa jambo lisilojibu swali, na karatasi za darasa langu zilikuwa ushahidi tosha, hoja kumi, alama 5. Mwanafunzi mwenye msimamo hapungukiwi na hoja, maana kila alichobishiwa dirishani au mlangoni ni hoja mkononi mwake, awe anaitetea au anaijibu. Aliyekariri anazo zile kumi tu, na swali likigeuzwa kidogo amebaki mikono mitupu.

Wiki 3 zinatosha kabisa. Usiogope kelele, mwambie tu mwalimu wa darasa la jirani mapema. Kesho ukiingia usibebe karatasi yoyote. Andika ubaoni sentensi moja kuhusu mhusika mmoja wa hadithi mnayoisoma, sentensi ambayo wewe mwenyewe huna uhakika nayo, uwaambie wachague dirisha au mlango. Wakienda wote upande mmoja, ifute uandike nyingine.