Fedha inageuka nyeusi kabatini mwa galari: kosa ni la nani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mfua fedha, kazi zangu nazifanyia Mji Mkongwe, Unguja. Natengeneza hereni na vidani vya fedha ya 925, pamoja na vibao vidogo vya kutundika ukutani, vya shaba nyekundu iliyopachikwa vipande vya gamba la chaza. Nimeviweka mali kauli kwenye galari moja. Vikitoka mezani kwangu vinameta, lakini hazipiti wiki sita hereni zimeshakuwa za manjano, kisha buluu, kisha nyeusi, na upande wa nyuma ndio mbaya zaidi. Zile nilizobaki nazo nyumbani, za fedha niliyoyeyusha siku ileile, ziko safi. Kwenye vibao nako, gamba la chaza limeanza kutoka unga mweupe. Mwenye galari anasema fedha yangu imezidi shaba, na anataka kunirudishia mzigo wote. Nizipake vanishi? Au kweli kosa ni langu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vanishi iweke pembeni kwanza, na usikubali kurudishiwa mzigo kwa sababu hiyo uliyopewa. Umeandika mambo mawili yanayonitosha kuanzia: fedha ya chungu kimoja imebaki nyeupe kwako na imekuwa nyeusi kwake, na weusi umeanzia mgongoni, pale hereni inapolalia kitambaa. Fedha ni moja. Kilichotofautiana ni hewa inayoizunguka na kitu inachokilalia.

Tumalize kwanza hilo la shaba. Fedha ya 925 ina sehemu 925 za fedha tupu katika 1,000, na hizo 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa sababu fedha tupu ni laini mno. Kulabu ya hereni ingepinda kabla mteja hajafika nyumbani. Kwa hiyo shaba imo, na inatakiwa iwemo. Bibi zetu wa mwambao walivaa vikuku vilivyofuliwa kwa riale za Maria Theresa, zile zilizoandikwa mwaka 1780 ingawa ziliendelea kugongwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Fedha ya riale hiyo ni 833 tu katika 1,000, yaani shaba yake ni zaidi ya mara mbili ya yako, na vikuku vile vilikaa vyeupe kwa sababu vilisuguana na ngozi na kanga kutwa kucha. Mwenye galari akitaka uhakika, nendeni wote wawili kwa sonara mwenye jiwe la kupimia na tindikali yake. Ni kazi ya dakika chache, na ni vizuri ashuhudie mwenyewe.

Weusi wenyewe ni fedha iliyoungana na salfa. Hata fedha tupu ya 999 hupatwa, ila huchelewa. Salfa hiyo huja hewani kama gesi, ileile inayonuka yai viza, na haihitaji kuwa nyingi kiasi cha kuisikia puani. Rangi ulizoziona, manjano kisha buluu kisha nyeusi, ni utando mmoja unaozidi unene, na unyevu wa pwani huuharakisha. Gesi hutoka wapi? Kwenye matope ya mikoko maji yakipwa, kwenye mitaro, kwenye mayai na vitunguu kama galari ina mgahawa ubavuni. Lakini ndani ya kabati iliyofungwa, mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni kitambaa cha sufu na vitu vya mpira.

Hili nililijua kwa hasara. Niliwahi kupeleka bangili ishirini kwenye maonyesho, nimezifunga mbilimbili kwa ile mipira ya kufungia noti ili zisigongane njiani. Kufungua sanduku siku ya tatu, kila bangili ina mstari mweusi wenye upana wa njiti ya kiberiti, umenyooka kama uliopigwa rula, palepale mpira ulipokaza. Kwingine kote nyeupe pe. Tangu siku ile, kabla sijaifuta fedha iliyoharibika, naikalisha mwangani na kuisoma.

Na wewe zisome zako kabla hujazigusa. Weusi uliokaa upande mmoja tu, unaofuata umbo la kitambaa au kadibodi, umetoka kwenye hicho kilichoguswa. Weusi ulioenea sawasawa pande zote umetoka hewani, kwenye mbao, rangi au gundi ya kabati. Ukiwa umezunguka maungio tu, pale ulipolehemu, hapo itabidi ujilaumu: boraksi au maji ya tindikali yamebaki kwenye vinyweleo vya lehemu kwa sababu kazi haikusuuzwa vya kutosha. Kuna na doa moja linalowadanganya wengi, kivuli cha kijivu chenye wekundu kinachojitokeza ukishapiga msasa na kung'arisha. Huo ni moto ulioingia chini ya ngozi ya fedha ukaunguza shaba yake wakati wa kulehemu. Haufutiki kwa kitambaa, na hausababishwi na galari yoyote. Kwa ulivyoeleza, wewe si wa kundi hili.

Gamba la chaza ndilo linalonisikitisha zaidi, maana weusi wa fedha huondoka lakini gamba lililoliwa halirudi. Ule unga mweupe ni dalili ya asidi. Mbao nyingi, na hasa plaiwudi na MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi, hutoa mvuke wa asidi ya namna ya siki, na gamba, ambalo asili yake ni chokaa, huliwa polepole na mvuke huo. Ile silikoni ya kuzibia vioo inayonuka siki nayo hutoa asidi hiyohiyo mpaka ikauke kabisa. Viondoe vibao kabatini leo, usingoje kitu kingine. Vipanguse kwa brashi laini kavu, uviweke mahali penye hewa.

Kabati sasa. Makumbusho zina jaribio linaloitwa kwa jina la Andrew Oddy wa British Museum, makumbusho ya London, aliyelieleza mwaka 1973: kipande cha kitambaa au mbao hufungiwa kwenye chupa pamoja na maji kidogo na vipande vya fedha, shaba na risasi, kisha chupa huwekwa kwenye joto la nyuzi 60 kwa siku 28. Fedha hufichua salfa, risasi hufichua asidi. Sisi hatuna jiko la maabara, lakini umbo la jaribio twaweza kuliiga.

Tafuta chupa tatu za kioo zenye vifuniko vinavyobana, uzichemshe na kuzikausha. Ya kwanza tia kipande cha kile kitambaa cha kabatini, upana wa vidole viwili. Ya pili tia kipande cha mbao ya kabati, au hata vumbi lake ulilolipata kwa tupa. Ya tatu usitie chochote, hiyo ndiyo ya kulinganishia. Kila moja iwe na kifuniko kidogo cha soda chenye pamba iliyoloweshwa matone machache ya maji, ukanda wa fedha uliong'arishwa sasa hivi na kushikwa kwa koleo badala ya vidole, na chubwi moja ya mshipi iliyokwanguliwa mpaka ikang'aa. Visigusane. Funga, weka juu ya friji au popote penye joto la kudumu, na ungoje wiki nne. Chubwi ni risasi, ni sumu, kwa hiyo nawa mikono na usichanganye na vyombo vya jikoni. Fedha ikiwa nyeusi kwenye chupa ya kitambaa na ikabaki nyeupe kwenye chupa tupu, mpelekee mwenye galari chupa zote tatu azione. Chubwi ikiota unga mweupe kwenye chupa ya mbao, umempata na mla gamba. Kwa kuwa joto letu ni dogo, chupa iliyobaki safi si hakikisho kamili, lakini iliyochafuka haina utetezi.

Wakati unangoja, kitambaa kinaweza kubadilishwa. Amerikani, ile pamba isiyotiwa rangi, ikifuliwa mara mbili kwa sabuni isiyo na manukato na kusuuzwa sana, ni bora kuliko mahameli yoyote ya dukani. Mbao ya kabati ifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu chini ya kitambaa hicho, na kabati iliyopakwa rangi upya ikae wazi wiki nne kabla ya kuwekwa kazi. Pakiti za kunyonya unyevu zisaidie, zikikaushwa kila zinapojaa. Akiba isiyo kwenye onyesho ikae kwenye vifuko vya plastiki vinavyozibika, moja moja.

Kuzirudishia weupe: tandika karatasi ya aluminiamu kwenye bakuli la kioo, weka hereni ziiguse, nyunyiza kijiko cha chakula cha bikaboneti ile ya kuokea, umwagie maji ya moto. Utasikia harufu ya yai viza. Hiyo ni salfa inaiachia fedha yako. Suuza, kausha kabisa. Njia hii usiitumie kwa kazi yenye lulu, gamba, kaharabu au gundi, wala kwa kidani ulichokitia weusi kwa makusudi kwenye michoro, maana utapoteza na ule weusi ulioutaka.

Vanishi kwenye hereni sikushauri. Hukwaruzika sikioni, fedha hugeuka kwa mabakabaka, na kuifuta upya ni kazi kuliko weusi wenyewe. Kwenye shaba ya vibao, isiyoguswa kila siku, nta laini inayotumiwa na makumbusho inafaa, ikipakwa nyembamba na kufutwa, bila kugusa gamba.

Kisha kaa na mwenye galari. Galari inayochukua asilimia 40 au 50 ya bei inalipwa pia kwa kutunza, na hilo liandikwe kwenye hati ya mali kauli: hali ya kila kipande siku ya kupokelewa, kwa picha, kabati na kitambaa atakachokilazia, nani anasafisha na kila baada ya muda gani, na kwamba kipande kilichoharibikia kwake hakirudi wala hakishushwi bei bila ninyi wawili kukikagua pamoja.