Kabla hujasaini, mwanangu, soma habari za Dryden

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza timu ya kulipwa imekutaka na chuo umebakiza mwaka mmoja, je usaini sasa hivi au umalize, maana unaogopa ukichelewa watamchukua golikipa mwingine. Nitakujibu kwa habari za Ken Dryden, golikipa wa zamani wa hoki ya barafuni, kwa sababu tangu tuhamie huku Toronto na wewe uanze kudaka kwenye barafu sijamfuatilia mchezaji kama yule, na kakulia hapa hapa Etobicoke.

Timu ya Boston walimchagua kwenye drafti ya 1964, yaani pale timu za ligi kubwa ya NHL zinapogawana vijana, akiwa na miaka 16 tu, siku chache baadaye wakamhamishia Montreal. Enzi zile vijana wa Kanada walipitia ligi za vijana wakaingia kwa wakubwa, habari za chuo hawakuwa nazo sana. Yeye akavuka mpaka akaenda chuo cha Cornell, Marekani, kusoma historia. Mwaka wa kwanza timu kubwa hakuruhusiwa kuchezea, sheria za vyuo zilikuwa hivyo, ila misimu mitatu iliyofuata baba, kashinda mechi 76, kapoteza 4, sare 1! Na 1967 wakawa mabingwa wa vyuo Marekani, fainali waliwapiga Boston University 4-1.

Montreal wameanza kumchezesha lini sasa? Machi 1971, na hapo anasoma sheria chuo cha McGill. Kacheza mechi 6 za ligi, zote kashinda, wakampanga kwenye mtoano dhidi ya Boston, mabingwa watetezi, wana beki Bobby Orr, wana Phil Esposito aliyefunga magoli 76 msimu ule. Dogo katoka chuo juzi tu, akawazuia mechi saba mpaka wakatoka, halafu Montreal wakabeba Kombe la Stanley, ndilo la ubingwa wa ligi, na yeye akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mtoano mzima.

Tafuta picha zake akiwa golini, paki, kile kisahani wanachokipiga, ikiwa upande wa pili anasimamisha gongo wima, anaweka mikono juu yake na kidevu juu ya mikono, katulia kama mtu anasubiri daladala ambayo anajua itakuja. Mimi naamini utulivu ule kautoa chuoni, kwenye miaka ile ya kucheza kila wiki na kukua bila mtu kumkimbiza.

Halafu 1973 kamaliza sheria, mshahara hawakuelewana na timu, akakaa nje msimu mzima akifanya mafunzo ya uwakili hapa Toronto. Angethubutu vipi bila ile shahada? Alivyorudi wakachukua makombe manne mfululizo, 1976 hadi 1979, jumla yake yakawa sita, akastaafu na miaka 31, baadaye akawa mbunge na waziri.

Najua wewe si Dryden na timu yako inaweza isikusubiri, hilo silifichi. Ila ukishasaini ya kulipwa, kuchezea chuo tena huenda isiwezekane. Mimi nasema malizia. Waulize kwanza kama watakusubiri hadi mwakani, wakikataa waulize mkataba ni wa miaka mingapi na ukiumia goti nani anakulipa. Baba yako yeye anaona tofauti kidogo, atakupigia Jumapili. Wakikujibu nitumie hiyo karatasi yenyewe niisome kabla hujatia sahihi.

Mama yako