Vaili 900 za seftriaksoni: ni nyingi au ni chache?

SWALI: Mimi ni mteknolojia dawa katika hospitali ya wilaya. Kamati ya dawa na tiba inataka kujua kama matumizi yetu ya antibiotiki yanapanda au yanashuka. Nilicho nacho ni leja ya stoo: Januari zilitoka vaili (vichupa vya sindano) 900 za seftriaksoni za gramu 1, na Februari 900 vilevile. Niseme hakuna mabadiliko? Na maduka ya dawa ya mtaani nitayapimaje?

JIBU: Ndugu yangu, usiseme hivyo kabla hujajua wodini walilala wangapi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wameziwekea dawa nyingi dozi ya kawaida ya siku kwa mtu mzima, iitwayo DDD. Ya seftriaksoni ni gramu 2, kwa hiyo vaili zako ni DDD 450. Sasa chukua jumla ya siku za kulazwa (kila mgonjwa kwa kila siku aliyolala) kutoka kwa watu wa takwimu. Tuseme Januari zilikuwa 1,200: unapata DDD 37.5 kwa kila siku 100 za kulazwa. Februari zikiwa 900, unapata 50. Leja haikubadilika, lakini matumizi yamepanda kwa theluthi nzima.

Wodi ya watoto itoe kwenye hesabu hii. Dozi yao hufuata uzito, DDD itakudanganya. Kwao hesabu siku ambazo kila mtoto alipewa dawa.

Namba ikishuka, angalia kwanza kama dawa iliisha stoo. Nimeona taarifa zikisifu “matumizi bora” mwezi ambao vaili hazikuwepo kabisa! Andika siku za upungufu pembeni ya kila namba.

DDD haisemi dawa ilitolewa kwa nini. Hilo linahitaji kupita wodini siku moja na kusoma mafaili: ugonjwa gani, nani alipimwa kipimo cha kuotesha vimelea, nani bado anachomwa sindano wakati anaweza kumeza vidonge, nani anaendelea na dawa ya kinga siku kadhaa baada ya upasuaji. Kwangu mimi, siku hiyo moja huwaamsha madaktari kuliko grafu ya mwaka mzima.

Mtaani ni pagumu, maana dawa nyingi huuzwa bila cheti na hakuna rejesta. Anza na ankara za manunuzi za maduka yanayokubali, kisha piga hesabu ya DDD kwa watu 1,000 kwa siku. Lakini wateja huvuka mipaka ya wilaya, kwa hiyo namba hiyo ni ya kukadiria tu. Linaloaminika zaidi ni mgawanyo wa makundi ya AWaRe, yaani makundi ambayo WHO wamezipanga antibiotiki: amoksilini ni ya kundi la kuanzia, azithromaisini na siprofloksasini ni za kundi la tahadhari. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa ulikubaliana kwamba ifikapo 2030 kundi la kuanzia liwe angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazotumia binadamu duniani.

Jambo moja dogo: ukichuja orodha kwa msimbo wa J01 (wa antibiotiki katika mpangilio wa dawa wa WHO), vidonge vya metronidazoli vitakuponyoka, kwani viko P01, kwenye dawa za vimelea vya protozoa. Viongeze kwa mkono.