Jibu kwa dada wa boti: pesa ya msimu kuisha kabla ya Mei

Aleikum salaam dadangu. Umeuliza vile mumeo anafanya boti ya watalii, Disemba mpaka Machi pesa inaingia, ikifika Mei mnakopa sukari dukani, na ukataka kujua kama mfungue biashara ya pili. Mimi niko Malindi, mzee wangu ana boti ya kioo anapeleka watu marine, ile hifadhi ya bahari, kwa hivyo hiyo Mei yako naijua vizuri. Biashara ya pili ngoja kwanza. Naona shida yenu si pesa kidogo, ni pesa inakuja kwa mkupuo na tumbo linadai kila siku.

Sisi hesabu yetu ni ya theluthi. Msimu ni kama miezi minne, mwaka una kumi na mbili, sasa kila pesa ya boti ikiingia nyumbani, baada ya petroli na haki ya vijana wa boti, theluthi moja ndio ya kula, zile mbili ni za kusi, ile miezi ya upepo wageni wakiwa hawapo. Tuseme leo amerudi na 6,000, hapo elfu mbili ya jikoni, elfu nne inatoka kwa simu jioni hiyo hiyo kabla hajaenda barazani, maana pesa ikilala M-Pesa asubuhi ina wenyewe. Agosti Wataliano wakirudi kidogo hiyo ni nyongeza, hatuipangii. Matokeo yake Disemba tunaitwa wabahili, wenzetu biriani kila Ijumaa na mimi mbaazi na mahamri, wacha waseme.

Pa kuiweka, mzee hataki riba kabisa, kwa hivyo zile akiba za simu zenye faida alizikataa, tuna akaunti ya benki ya kiislamu (ziko Kenya tangu 2008) na kadi nilikataa mimi, mtu akitaka pesa apange foleni. Na mchezo wa wanawake, ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu, usiudharau, ila uangalie nambari yako. Kila mtu anapigania za kwanza, mimi naomba Mei au Juni. Mkiwa kumi mkaanza Septemba kwa elfu tatu tatu, ya Mei ni 30,000 mkononi wakati boti iko juu ya mchanga, na hakuna mtu wa kukuomba kwa sababu wanajua hamna kitu, hehe.

Ada nayo ina ujanja wake. Shule za bweni za serikali hugawa ada ya mwaka asilimia 50, 30, 20 kwa mihula mitatu, hiyo nusu ya Januari huwa haisumbui, inayoua ni 30 ya muhula wa pili, inadaiwa mwisho wa Aprili mvua ishaanza. Sisi tunailipa Machi, tunachukua risiti, basi. SHA, bima ya afya ya serikali, vilevile, sisi wa jua kali tunatakiwa tulipe mwaka mzima mara moja, kima cha chini 300 kwa mwezi yaani 3,600, sasa lipa Januari au Februari usingoje mtoto ashikwe na homa Juni ndio uanze kutafuta.

Sasa nije kwa harusi, maana najua pesa yenu nusu inaenda huko hata kama hukuandika. Watu wanaiita dharura, na mimi sijawahi kuona msichana akiolewa kwa dharura, miezi sita nyuma mtaa mzima unajua. Mama mkwe wangu ana daftari la shule lenye jalada la kahawia limeanza kuachana, ndani ameandika kila aliyemtunza kwenye harusi za wanawe: fulani kilo kumi za mchele, fulani leso pea, fulani mia tano. Msimu ukianza tunakaa naye, anasoma majina, mimi nauliza huyu ana binti? kaposwa? Wale wanaotudai wenye harusi karibu tunawatengea kabisa, kama deni la duka, na wengine wote wanapata dua na mikono yangu jikoni. Sare moja kwa mwaka. Dera la harusi ya Aprili linavaliwa ya Agosti, anayehesabu ashone yeye.

Ramadhani pia ipige hesabu upya, inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Saa hizi inaangukia msimuni, tende na viazi vya futari vinanunuliwa na pesa ya moto, lakini inaelekea Januari, na 2030 tutafunga mara mbili, mwanzo wa mwaka na mwisho wake. Ile ya Januari itakutana uso kwa uso na ada, Idd ikiwa Februari na watoto wanataka nguo. Mimi nishaanza kununua nguo za Idd Septemba, duka zikiwa hazina watu.

Kuhusu biashara ya pili, mkifika Mei moja bila kukopa ndio muifikirie, na muanze na kitu kinachouza kusi, si kingine cha watalii, msije mkawa na njaa mbili za mwezi mmoja. Jirani yangu anauza maji ya barafu na viazi karai nje ya shule na Juni ndio mwezi wake mzuri. Kabla ya hapo theluthi ya kwanza ikibaki itoeni ya mashini. Boti ikipandishwa Aprili fundi anataka kalafati, rangi na service, na hiyo mumeo asikuambie itatoka kwa safari ya kwanza ya Disemba.