Kayenze hadi Kisesa kwa miguu: anza ziwani, upepo ukusukume mgongoni

Ndugu uliyeuliza kama mtu anaweza kutembea kwa miguu kutoka Kisesa hadi Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kwa siku moja mwezi wa Julai, akifuatana na mdogo wake wa miaka 13, na kama upepo wa vilimani utawasumbua: inawezekana, nami nimeipita njia hiyo kwa kwenda na kwa kurudi. Ningekushauri tu uigeuze safari yenyewe. Panda gari la asubuhi hadi Kayenze, kisha utembee kuelekea Kisesa.

Waliotangulia kukujibu wameshauri kinyume, kwa hoja kwamba inapendeza kumaliza siku ufukweni ukila sato wa kukaanga. Sato sina ugomvi naye, lakini hoja hiyo imesahau upepo, na katika vilima vile upepo ndio unaoamua utafika ukiwa katika hali gani. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji ya ziwa, kwa hiyo alfajiri upepo hutoka bara kwenda ziwani, na katika miezi ya kiangazi, yaani Juni hadi Agosti, huongezewa nguvu na pepo za kusini-mashariki. Jua likishapanda, udongo na majabali hupata moto, hewa iliyo juu yake hupaa, na upepo hugeuka na kuanza kuingia bara kutoka ziwani. Mara nyingi mgeuko huo huonekana kabla ya adhuhuri, na ifikapo saa nane mchana upepo wa ziwa huwa umekwisha kushika kasi. Anayetoka Kisesa hukutana nao akiwa kwenye vilima vya mwisho, miguu imechoka, na vumbi la mashamba yaliyovunwa linampiga usoni. Anayetoka Kayenze huupokea upepo wa bara asubuhi, wakati ungali wa baridi na vumbi limelala, na mchana wote husukumwa kutoka nyuma.

Jua nalo liko upande wa anayetoka ziwani. Mwanza ipo kusini kidogo mwa ikweta, na mwezi wa Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo anayeelekea kusini hulipa kisogo. Kofia yenye ukingo mpana nyuma itakutosha, mradi iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Isiyo na kamba utaifukuza mpaka kwenye shamba la mtu.

Jambo la tatu ni usafiri. Kisesa ipo kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na hata ukichelewa hukosi daladala ya kurudi mjini. Kayenze ikishafika jioni utabaki kubembelezana na bodaboda, na bei ataipanga yeye.

Julai jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na huzama karibu saa moja jioni, hivyo una saa kumi na mbili za mwanga, nazo zinatosha ikiwa hutakawia ufukweni. Kukawia ni rahisi, hasa wakati wa giza la mwezi, kwa kuwa wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa na asubuhi mchanga wote huwa umetandazwa dagaa wanaokauka. Mwezi ukiwa mkubwa uvuvi huo husimama na ufukwe hupoa. Kunywa chai na uondoke. Usimruhusu mdogo wako aingie majini kunawa miguu, maana kichocho kipo katika maji ya kando ya ziwa, hasa penye majani na konokono.

Kuhusu njia yenyewe, ramani ya simu inaonyesha barabara za vumbi, lakini njia nzuri za miguu ni zile zinazounganisha kitongoji na kitongoji, na hizo huzipati bila kuuliza. Hapa kuna ustadi kidogo. Ukimuuliza mama aliyeko shambani njia ya kwenda Kisesa, atakuelekeza kwenye barabara ya magari, kwa sababu ndiko watu wanakopandia gari. Muulize njia ya kwenda kitongoji kinachofuata, shule inayofuata au mnada unaofuata, naye atakuonyesha kijia kinachopita kati ya mawe, ambacho watoto wake hukipita kila siku. Salimu kwanza, tena bila haraka: asubuhi kwa Kisukuma ni mwangaluka, na mzee hapitwi kama mti. Ukiulizwa unatoka wapi na unakwenda wapi, jibu kwa utulivu. Hii ndiyo nchi ambayo sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa vijiji, walianza miaka ya 1980 kwa sababu ya wizi wa ng'ombe, na mgeni mwenye begi mgongoni kuulizwa ni jambo la kawaida, halina ubaya wowote.

Utaona pia kwamba ardhi inabadilika kwa mpangilio uleule kila unapovuka kilima. Juu kuna majabali, yenye pimbi na wale mijusi ambao dume lao lina kichwa chekundu na mwili wa buluu. Chini kidogo kuna mchanga mwepesi ambao Wasukuma huuita luseni, wenye mihogo na karanga. Na bondeni kabisa kuna udongo mweusi wa mbuga, wenye majaruba ya mpunga. Kwa mtembeaji, luseni huchosha kwa sababu mguu unazama, na mbuga ya kiangazi ina nyufa zinazoweza kuteguza kifundo, kwa hiyo bondeni fuata kingo za majaruba. Masika hali ni nyingine kabisa: udongo huo hunata, na nisingemshauri mtu yeyote ajaribu.

Kwenye vipito vilivyo kati ya majabali upepo hubanwa na kuongezeka nguvu ghafla, hata mtu mzima huyumba. Pumzikeni baada ya kuvuka, upande wa kusini wa jiwe, na kabla ya kukaa pigapiga fimbo chini kwa sababu ya nyoka. Msikatize katika ua wa minyaa hata kama njia ya mkato inaonekana: utomvu wake ukiingia jichoni huunguza vibaya, na tawi likivunjika wakati wa upepo hujui matone yataangukia wapi.

Maji bebeni lita tatu kila mmoja. Upepo hukausha jasho kabla hujalihisi, ndiyo maana watu hufika Kisesa wakiumwa kichwa na kudhani ni jua. Maji ya malambo waachieni ng'ombe. Chakula si tatizo; matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga za kukaanga haziharibiki mfukoni, na karibu kila senta ina mama ntilie. Alfajiri huwa na baridi, kwani hata ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hivyo koti jepesi la kuzuia upepo lina faida kuliko sweta zito, ambalo ifikapo saa tatu litakuwa mzigo.

Mdogo wako, ikiwa amezoea kutembea kwenda shule, ataweza. Weka mapumziko marefu ya mchana kwenye senta iliyo kando ya barabara, umwangalie anavyokula. Akianza kusukuma sahani pembeni, mpandishe bodaboda hadi Kisesa nawe upande naye. Kumwachia mtoto atangulie peke yake ili wewe umalizie njia nisingekubali, hata kama dereva anafahamika.