Kabla hujaandika wastani: kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa seli mwaka huu, swali litakalowasumbua mapema ni hili: bakteria wote wametoka kwenye koloni moja (kundi lililozaliwa na seli moja), DNA ni ileile, chupa moja, dawa moja, mbona wengine wamekufa na wengine wapo? Jibu la haraka huwa ni "nimepima vibaya". Wakati mwingine ni kweli. Ila msilikimbilie.

Mizabibu yetu ya Hombolo na Makutupora, huko Dodoma, hupandwa kwa vipande vya matawi, kwa hiyo shamba la aina moja ni kama mche mmoja uliorudiwa mara nyingi. Bado mmoja hustawi na jirani yake hudumaa, na mkulima atakutajia sababu palepale: chumvi kwenye udongo, maji, mchwa. Zote ziko nje ya mzabibu. Kwenye seli, hata ukisawazisha kila kitu cha nje, tofauti hubaki.

Chanzo kikubwa ni uchache. Ndani ya E. coli, bakteria wa utumbo anayetumika sana maabara, jeni huwa na nakala moja au chache tu, na ile protini inayozuia jeni za kumeng'enya laktosi hukadiriwa kuwa na nakala kama 10 kwa seli. Jeni hunyamaza, hutoa RNA (nakala ya maelekezo ya kutengeneza protini) kwa mkupuo, kisha hunyamaza tena. Seli ikigawanyika, hakuna anayezihesabu zile 10 ziende 5 kwa 5. Seli moja inaweza kuondoka na 7, mwenzake 3. Mwaka 2002 Michael Elowitz na wenzake walilionesha hili kwa ujanja ninaoupenda sana. Waliweka ndani ya bakteria jeni mbili zinazoendeshwa na swichi za aina moja, kila moja ikitoa protini inayong'aa kwa rangi yake. Kama tofauti zingetokana na hali ya seli nzima peke yake, yaani ukubwa, chakula, idadi ya ribosomu (viwanda vya protini), rangi hizo zingepanda na kushuka pamoja. Haikuwa hivyo: seli nyingine zilielemea rangi hii, nyingine ile.

Kwa seli za binadamu ni hivyohivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulizipa seli ishara ya kujiua, ukafuatilia ndugu waliotoka kugawanyika. Waliozaliwa muda mfupi kabla ya ishara walikufa karibu kwa wakati mmoja, kwa kuwa walirithi protini zinazofanana. Kadiri muda ulivyopita tangu wagawanyike, ndivyo kila mmoja alivyoshika njia yake. Mfuatano wa DNA haukuwa na la kusema hapo.

Sasa tuje kwenye wastani. Vipimo vingi vya protini huanza kwa kuponda maelfu ya seli pamoja. Mwaka 1998 Ferrell na Machleder walifanya kazi na mayai machanga ya chura Xenopus: ukiyapima kwa mkusanyiko, mwitikio hupanda taratibu kadiri homoni inavyoongezwa. Walipopima yai mojamoja, kila moja lilikuwa limewaka kabisa au limezima kabisa. Hakukuwa na yai la "nusu", ingawa wastani ulisema nusu. Kwa hiyo ukiwa na hadubini, hata ya kawaida, hesabu seli mojamoja na uchore nukta ya kila moja.

Jaribio la kuanzia halihitaji mashine ya bei. Otesha bakteria, weka antibayotiki kwa kiwango kinachoua, kisha kila saa chota sampuli, ioshe dawa itoke (wengi huruka hatua hii, halafu dawa inaendelea kuua kwenye agari, ile rojo ya kuoteshea), izimue, itandaze, hesabu koloni kesho yake. Chora kwa skeli ya logi, ambapo kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Mstari utashuka kwa kasi, kisha utalala. Waliobaki waoteshe upya, wape dawa ileile. Wakifa kama wazazi wao na kubakiza tena kikundi kidogo, hao si sugu. Wasipokufa, una usugu wa kurithi au uchafu, na hiyo ni ripoti nyingine.

Mtaalamu wa bakteria Joseph Bigger aliwaona hao wanaopona bila kuwa sugu mwaka 1944, akitumia penisilini. Miaka 60 baadaye Nathalie Balaban na wenzake waliwafuatilia mmojammoja kwenye vifereji vidogo, wakakuta wengi wao walikuwa tayari wamepunguza kasi ya kukua kabla dawa haijafika.

Ndiyo maana nawasisitizia daftari la inkubeta, kabati la joto tunaloteshea bakteria. Umeme ukikatika usiku, andikeni saa ulipokatika na saa uliporudi, maana bakteria waliopoa hukua polepole, na penisilini huua wanaokua. Mstari wenu utalala juu zaidi siku hiyo, na mtatafuta sababu kwenye jeni bure.